Namna ya Kufuatilia Ukoo wa Kitenzi Ukiwa Voi

Simama stendi ya Voi asubuhi, pale magari ya Mwatate, Wundanyi na Taveta yanapopakia, utege sikio kwenye kitenzi kimoja tu. Kondakta anauliza nani anakwenda Bura. Mama wa Kidawida aliyeketi dirishani anazungumza na mwenzake, na katika maneno yake unalisikia "kughenda". Kijana wa Kikamba aliyeshuka kutoka Mtito Andei yuko kwenye simu, naye anatamka "kwenda" sawa kabisa na la kondakta, lakini hasemi habari za safari. Kwa Kikamba, kwenda ni kupenda, au kutaka.

Hapo una maneno matatu mkononi na swali moja: yapi ni ndugu, na yapi yamefanana tu? Swali hili linajibika. Hulijibu kwa kukisia wala kwa kusema "hizi zote ni lugha za Kibantu, basi ni kitu kimoja". Lina utaratibu wake, na mtu yeyote mwenye daftari, simu na subira anaweza kuufuata. Voi ni mahali pazuri mno pa kuanzia, kwa sababu lugha nyingi hukutana hapa kila siku: Kidawida, Kisaghala na Kikasighau za Wataita wa milimani, Kitaveta upande wa mpakani, Kikamba, Kiduruma na Kigiriama kando ya barabara kuu, Kikuyu sokoni, na Kiswahili kikiunganisha zote.

Anza na kitenzi, acha nomino kwa baadaye. Majina ya vitu husafiri na vitu vyenyewe: sahani, meza na simu vilikuja na majina yao, na kila lugha ikayapokea. Kitenzi cha msingi kama kula, kufa, kuona au kwenda hakiazimwi kirahisi, maana hakuna watu waliokaa bila kwenda wakingoja wageni wawaletee neno lake. Kwa Kiswahili kipo kipimo cha haraka: tazama irabu ya mwisho. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu huishia kwa a: enda, lala, toka. Vile vilivyotoka Kiarabu mara nyingi huishia kwa i, u au e: safiri, rudi, jibu, samehe. Kwa hiyo mtu akikuambia "kusafiri" lina ndugu Taita, mwombe ushahidi wa ziada. Ila "kwenda" limepita kipimo hicho, tuendelee nalo.

Sasa andika ulichosikia, na uandike sauti yenyewe. Sauti ya gh katika kughenda ni ile unayoitamka katika ghali na ghala. Haianzi kwa g nzito ya gari. Kwa Mtaita gh si pambo la tahajia. Imo katika Saghala, Kasighau na Werugha, na ofisi ikiandika "Sagala" inapoteza sauti ambayo wenyeji hawajawahi kuipoteza. Kwa Kikamba na Kikuyu uangalifu uleule uweke kwenye irabu. Lugha hizo zina irabu saba, na alama za juu ya ĩ na ũ zinabeba maana. Tazama jambo linalotokea ukizidharau: kwa Kikuyu gũtũma ni kutuma, na gũtuma, bila alama kwenye u ya pili, ni kushona. Ukiandika yote mawili "gutuma" umechanganya mizizi miwili, na kila utakachojenga juu yake kitakwenda kombo.

Mfano huo una faida nyingine ambayo haifai kuachwa ipite. Gũtũma la Kikuyu na kutuma la Kiswahili ni ndugu, hilo halina ubishi. Lakini gũtuma, kushona, ndugu yake wa Kiswahili ni nani? Ni kufuma. Mshoni na mfumaji ni majirani kwa kazi, kwa hiyo maana inakubali. Sauti ndiyo inayotia shaka, maana t na f ziko mbali. Hapo usikate tamaa wala usishangilie mapema. Tafuta jozi nyingine yenye mabadiliko yaleyale. Kwa Kikuyu kufua chuma ni gũtura, na mhunzi ni mũturi. Kiswahili kinasema kufua. T mbele ya u ile kali, yaani u isiyo na alama, imegeuka f mara ya pili. Kisha mafuta: Kikuyu maguta, Kikamba mauta. Hapa iliyogeuka ni k ya zamani, lakini imegeuka mahali palepale, mbele ya u kali, na imetoa f ileile. Sasa una kanuni. Kiswahili kiligeuza konsonanti hizo mbele ya u kali. Kikuyu hakikufanya hivyo. Fuma na gũtuma ni ndugu, ingawa hakuna mtu ambaye angewadhania.

Hiki ndicho kiini cha kazi nzima: kufanana hakuthibitishi udugu, na kutofanana hakuukanushi. Kinachothibitisha ni mabadiliko ya sauti yanayojirudia kwa utaratibu katika neno baada ya neno. Kwa hiyo kabla ya kurudi kwenye kughenda, tenga ukurasa wa jedwali la sauti kati ya Kiswahili na Kidawida. Hesabu ni mwanzo mzuri, kwa sababu kila mzee anazijua na hakuna anayeona haya kuzitaja. Tatu ni idadu. Kumi ni ikumi. Toka kwenye hesabu: moto ni modo, wetu ni wedu. T ya Kiswahili inakutana na d ya Kidawida, na k inabaki k. Ukisha kuwa na mistari mitano au sita ya namna hii, mkono unakuwa mwepesi, na ukilisikia neno jipya la Kidawida lenye d unajua Kiswahili ulitafute wapi.

Wazungu walizifanyia kazi hii lugha zao wenyewe, na mfano wao unasaidia kwa kuwa ni wa majirani wa karibu. Kiholanzi na Kijerumani zinashiriki vitenzi vingi mno, na tofauti zake zina utaratibu. Kulala ni slapen kwa Mholanzi, schlafen kwa Mjerumani. Kutumaini ni hopen kwa mmoja, hoffen kwa mwingine. Kula ni eten na essen. Kusahau ni vergeten na vergessen. Kufanya ni maken na machen. Kutafuta ni zoeken na suchen. P imekuwa f, t imekuwa s, k imekuwa ch. Aliyebadilika ni Mjerumani, na wanaisimu huyaweka mabadiliko hayo kati ya karne ya 6 na ya 8 hivi. Kiholanzi kilibaki na konsonanti za zamani, ndiyo maana msomaji anayejua Kiingereza anaona sleep, hope, eat na make zimesimama upande wa Kiholanzi.

Sasa chukua lopen na laufen. Kwa kanuni hiyo hiyo ni kitenzi kimoja, p kwa f. Lakini Mholanzi akisema lopen anatembea kwa miguu. Mjerumani akisema laufen anaweza kuwa anatembea, na mara nyingi anakimbia. Mwingereza ana ndugu wa tatu, leap, naye anaruka. Sauti inasema ni ukoo mmoja. Maana zimetawanyika kutoka kuruka na kukimbia hadi kutembea pole. Udugu unauthibitisha kwa sauti kwanza, kisha unaiuliza maana ilipita wapi. Ukianza na maana utapotea.

Kitenzi hicho kiliwahi kufika Taita Taveta pande zote mbili za bunduki, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini waliushambulia mlima Salaita, kati ya Maktau na Taveta, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani tangu walipoingia Taveta mwaka 1914. Walirudishwa nyuma. Mwezi huohuo akafika Jenerali Jan Smuts kuongoza majeshi ya Waingereza, mtu aliyelelewa katika Kiafrikana, lugha iliyotokana na Kiholanzi. Kwa Kiafrikana loop ni kutembea; ukitaka kukimbia unasema hardloop. Upande wa pili wa mahandaki palikuwa na laufen. Reli ya kijeshi iliyotandazwa mwaka 1915 kutoka Voi kuelekea Maktau ndiyo iliyobeba watu na maji ya vita hiyo, na makaburi ya waliokufa yako Voi na Taveta mpaka leo. Najua huu ni mchepuko, lakini mtu anayesoma lugha katika kaunti hii ana haki ya kujua kwamba mlima anaoupita akienda Taveta ulizikutanisha pia lugha mbili zenye kitenzi kimoja.

Turudi kwenye kughenda. Swali ni hili: kati ya Kidawida chenye gh na Kiswahili kisicho na kitu mahali hapo, nani kaongeza na nani kadondosha? Usiamue kwa watu wawili. Ita wa tatu kutoka mbali, ambaye hakuishi jirani na yeyote kati yao. Waganda wanasema okugenda, kwenda. Wanyarwanda wanasema kugenda. G imo kwa wote wawili, na wako mamia ya kilomita kutoka Taita, kwa hiyo haielekei kwamba Wadawida waliibuni. Kiswahili ndicho kilichodondosha. Hakikisha kwa jozi nyingine: Waganda wana okugamba, kusema, Kiswahili kina amba, lililobaki katika ambia na katika kwamba. Waganda wana okugula, kununua. Kiswahili kina uza, ambalo asili yake ni umbo la kusababisha la kitenzi hicho, yaani kumfanya mtu anunue. Genda na enda, gamba na amba, gula na uza. G imeanguka mara tatu.

Lakini uwe mkweli katika daftari lako. Kiswahili kina mgeni, mganga na mgongo, na g zao zimesimama imara. Kanuni ya g katika Kiswahili ina waasi, na wanaisimu wameijadili sana. Andika waasi hao kwenye ukurasa wao, usiwafute ili jedwali lipendeze. Mara nyingi ndio watakaokuonyesha jambo jipya baadaye.

Sasa yule kijana wa Kikamba. Mvuto wa kumwingiza katika ukoo ni mkubwa, kwa sababu sauti inalingana kabisa na hadithi ya maana ni rahisi kuitunga: anayependa humwendea ampendaye. Kizulu kinazidisha kishawishi. Kwa Wazulu ukwenda husemwa kwa mwanamke anayeolewa, na wanaisimu hulihusisha na mzizi huu wetu wa kwenda, maana bibi arusi huondoka kwao akaenda kwa mume. Kutoka kuolewa hadi kupenda ni hatua moja tu, mtu atasema. Hapa ndipo watu wengi wenye akili huteleza.

Pima kwa sauti. Kikamba chenyewe hakifai kuwa shahidi, kwa kuwa nacho hudondosha g: mgeni kwa Kikuyu ni mũgeni, kwa Kikamba mũeni, shamba kwa Kikuyu ni mũgũnda, kwa Kikamba mũũnda. Kwenda la Kikamba linaweza kuwa limepoteza g, na linaweza kuwa halikuwahi kuwa nayo. Kwa Kikamba peke yake huwezi kujua. Basi muulize Kikuyu, ndugu yake wa karibu anayeitunza g. Kikuyu kina rũgendo, safari, na humo g ipo mahali pake. Kikuyu hichohicho kina kwenda, kupenda na kutaka, na wendo, upendo, na humo g haipo. Kama mapenzi yangetoka kwenye mzizi wa safari, Kikuyu kingesema "kũgenda" na "ũgendo" kwa mapenzi pia. Hakisemi. Kwa hiyo ni mizizi miwili: mmoja wa mwendo, mwingine wa moyo, na imekuja kufanana kwa sababu Kiswahili kiliangusha konsonanti moja.

Utauliza kama huenda basi ni kupenda la Kiswahili lililopoteza p. Pima vilevile. P ya zamani huwa h kwa Kikuyu: hapa ni haha, kupaka ni kũhaka. Kupenda lingepaswa kuja na h, na halina. Liache hapo.

Matunda ya kipimo hiki yako mtaani. Msichana wa Kikamba anayeitwa Mwende, na kaka yake Mwendwa, majina yao ni ya mpendwa. Hayana uhusiano na mwendo. Majina ya safari yako, lakini ni mengine: Kyalo kwa Wakamba na Charo kwa Wagiriama, yaliyopewa watoto waliozaliwa safarini. Wadawida nao safari huiita charo. Ukiwa umekaa gari moja na Kyalo na Charo, una jozi nzuri ya kuanzia utafiti mwingine, l kwa r na ky kwa ch.

Ukisha kuthibitisha ukoo, geukia maana, na hapa usiwe na haraka. Kiswahili kimelitumikisha enda kuliko jamaa zake wengi. Saa inakwenda, mambo yanakwendaje, mtu anakwenda na wakati. Kumwendea mtu kinyume ni kumsaliti. Mwenendo ni tabia, mwendazake ni marehemu, mwendawazimu hayuko safarini. Endesha limepewa gari, na maendeleo limekuwa neno la bajeti na la kampeni. Baada ya haya yote kitenzi bado kinabeba umbo la kale: tunasema anakwenda na amekwenda tukiihifadhi ku ya kitenzi-jina katikati, ingawa wengi sasa husema anaenda, na ukimwamuru mtu humwambii "enda!", unamwambia "nenda!"

Kwa Kidawida, maana hizi usizitafute kwa kuuliza, "Kughenda lina maana gani?" Swali hilo huzaa jibu la neno moja: kwenda. Nenda kwa bibi wa Werugha au Saghala, msalimie kwa lugha yake hata kama ni salamu tu unayoijua, kaa, kisha uliza kwa hali. Ungemwambiaje mtoto anayetumwa maji na anachelewa? Saa ikisimama husemaje? Mtu akifa, mnasema ameenda, au hilo ni la Waswahili? Mkwe akifika mara ya kwanza na kuondoka, mnamwagaje? Andika sentensi nzima, tarehe, kijiji na umri wa msemaji. Ukiruhusiwa, rekodi kwa simu, kwa sababu toni haiandikiki kwa herufi zetu za kawaida na inaweza kuwa ndiyo inayotenganisha maneno mawili. Uliza wasemaji wa vijiji tofauti, maana Kisaghala si Kidawida, na Kitaveta wengi hukiweka karibu na Chasu cha Upare kuliko lugha za Wataita. Kijana wa mjini atakusaidia kutafsiri, ila mwulize nyanya yake kabla yake. Watoto wengi wa Voi wanakisikia Kidawida wakijibu kwa Kiswahili, na wanachopoteza kwanza ni hizi maana za pembeni ambazo hakuna kitabu kilichoziandika.

Vitabu vipo, na vina mahali pake. Mmisionari Johannes Rebmann alipita Taita mwaka 1847, na mwenzake Johann Ludwig Krapf aliacha kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882. Wote wawili lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kijerumani. J. A. Wray wa shirika la wamisionari la CMS, aliyefika Saghala mwaka 1883, alichapisha utangulizi wa Kitaita mwaka 1894. Thamani yao ni umri wao, lakini tahajia zao ni za masikio ya wageni, kwa hiyo kila neno ulirudishe kwa msemaji kabla ya kuliingiza kwenye jedwali. Kwa lahaja za Kiswahili mtafute Charles Sacleux, kamusi yake ya Kifaransa ya 1939. Kwa mizizi ya kale yenyewe, Makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji yana orodha iitwayo BLR3, inayosomeka bure kwenye intaneti. Humo utaona mizizi imewekewa nyota mbele. Nyota ina maana kwamba hakuna aliyeusikia mzizi huo; umejengwa upya kwa kulinganisha, kama ulivyofanya wewe na g ya kughenda.

Jambo moja la kukuzuia usijiamini kupita kiasi. Mwaka 1981 Christopher Ehret na Derek Nurse walichapisha utafiti wakionyesha kwamba lugha za Taita zimebeba maneno kutoka lugha za Kikushi ambazo hazizungumzwi tena huko. Neno la Kidawida likikosa ndugu kila mahali, usilazimishe ukoo wa Kibantu. Liwekee alama uliache.

Ukimaliza kwenda, chukua kupenda. Mdawida anasema nakukunda, na kukunda utalikuta Uchagani, kisha mbali kabisa Rwanda, katika gukunda. Tengeneza jedwali, tafuta shahidi aliye mbali, na uanze na k.